Bado Rangi Tu

Mwongozo kwa anayetaka kuwa seremala Likoni, Kisauni au Changamwe

Somo la kwanza la useremala halihusu randa wala msumeno. Ni maneno matatu: "Bado rangi tu." Jizoeze kuyatamka bila kupepesa macho, simu ikiwa sikioni, hata kama kabati linaloulizwa lingali mti umesimama huko bara. Mteja akiyasikia huona kazi imekwisha, kwa sababu rangi kwake ni jambo la jioni moja, kama mtu anavyojipaka mafuta baada ya kuoga. Wewe hutakiwi kumweleza kwamba rangi ni nusu ya pili ya kazi, na kwamba ndiyo siku ya hesabu. Kila ulichokosea tangu yadi ya mbao hujitokeza chini ya vanishi, tena kikiwa kinang'aa.

Mwongozo huu una hatua. Zisikutishe. Kutoka Magongo mpaka Mishomoroni hakuna banda la fundi ambalo hatua zake hufuatana.

Hatua ya kwanza: chagua kazi inayokuzidi

Mwanagenzi wa zamani alifagia maranda, akachemsha gundi, akashika ncha ya pili ya ubao fundi akipasua, na siku ya kupewa kazi yake mwenyewe alipewa kitu kidogo. Wewe una simu yenye video. Anza na kitanda cha harusi cha futi tano kwa sita, au mlango wa nakshi kama ile ya Lamu, yenye nguzo ya katikati na maua yaliyochongwa kwa patasi na mtu aliyeanza kuchonga akiwa mtoto.

La muhimu ni usianze na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi inaonekana kazi duni: vipande viwili vya mbao vilivyopishana, mhimili mmoja, na ulimi wa chuma wenye meno. Ubaya wake ni kwamba ina hakimu. Bibi ataikalia, atakuna nazi mbili za wali, na ikiyumba atakwambia papo hapo mbele ya watu. Kitanda cha harusi kikilia usiku, wenyewe hawatakuja kulalamika barabarani. Ndiyo sababu mafundi wengi wa vitanda wana sifa nzuri.

Ukiwa mkaidi ukaamua kuanza na mbuzi, utajifunza katika ubao usiozidi futi tatu mambo ambayo kitanda kingekufundisha kwa gharama ya mbao nzima: kwamba tundu la mhimili likitobolewa upande, vipande havifungi, kwamba ubao ukielekeza nyuzi zake vibaya hupasuka pale pale kwenye tundu, na kwamba kifaa kinachogusa chakula hakihitaji vanishi yoyote. Lakini hayo ni maarifa ya watu wasio na haraka.

Hatua ya pili: nunua mbao inayolia

Mbao nzuri kwa mwanafunzi wa mwongozo huu ni ile nzito, baridi mkononi, yenye harufu ya mvua. Hiyo ina maji. Ukiikata leo na kuunga leo, itakauka ikiwa tayari ni meza, na hapo utaona ajabu ya maumbile: ubao hupungua kwa upana, karibu haupungui kabisa kwa urefu. Mbao tano za juu ya meza ulizobana kwa misumari ili zisitikisike zitajitenga zenyewe na kuacha mianya ambayo mkate wa mofa utadondosha makombo humo mpaka mjukuu wako aolewe.

Mafundi wa zamani wana kanuni ya mkato: mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene. Sasa fikiria ubao wa inchi mbili na mteja anayetaka kabati kabla ya Idi. Mambo hayakuwa rahisi zaidi serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, marufuku iliyodumu mpaka 2023. Saipras na paini zikapanda bei, na bei ikipanda hakuna mwenye yadi anayeketi kungoja ubao ukauke.

Kama unataka kuharibu starehe, kata kipande cha ncha, kipeleke kwenye mizani ya duka la nafaka, andika uzito wake ubavuni kwa penseli. Kiweke kivulini penye upepo, si juani. Kipime tena baada ya wiki, na tena. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefikia mapatano na hewa ya Mombasa. Haijakauka kama mfupa, maana hewa yetu ni ya bahari, na hata ubao uliokaa kivulini miaka hubaki na maji kadiri ya asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Kwa meza ya Likoni ukavu huo unatosha. Kwa meza itakayowekwa ofisi yenye mashine ya kupoza hewa mchana kutwa, hautoshi, na mteja wa ofisi ana tabia ya kupiga picha za nyufa.

Changamwe wana neema nyingine, kwa kuwa bandari iko jirani: paleti. Zinatoka na makontena, zina misumari ya kutosha kumaliza meno ya msumeno wowote, na wakati mwingine ndani yake mna mbao nzuri kuliko inayouzwa yadi. Hapa acha mzaha kidogo usome muhuri uliopigwa kwa moto ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilitiwa joto, nyuzi 56 mpaka kiini kwa dakika 30, ili kuua wadudu. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Ya HT chukua. Ya MB iache ilipo, usiifanye kitanda cha mtoto, wala usiipeleke kwa mama wa viazi karai aitumie kuni.

Mti wa pwani wenyewe una visa vyake. Mnazi hauna pete wala vifundo. Ni mgumu pembeni na laini katikati, kwa hiyo ukipasua gogo bila kuchagua utapata meza yenye upande wa chuma na upande wa sifongo. Mvule ni mzuri, lakini hutunga mawe ndani ya gogo, mawe ya kweli ya chokaa, na msumeno huyagundua kabla yako. Mwembe ni rahisi kupata na wadudu wanaujua hivyo.

Mwarobaini unastahili heshima zaidi kuliko unayopewa. Pale Changamwe, wachongaji wa ushirika wa Akamba, ulioanzishwa 1963, walizoea mpingo na muhuhu, miti inayokua polepole mno mpaka misitu ikaanza kuisha. Wakahimizwa kuhamia mwarobaini, mti ulioletwa kutoka Bara Hindi, ambao huku pwani huota hata pale usipoupanda na ukikatwa huchipua tena. Haikuwa rahisi. Rangi yake si nyeusi wala hauna harufu ya muhuhu, na ukiukausha kwa pupa, twiga uliyemchonga hupasuka shingoni. Ilibidi watu waliokuwa mabingwa wakubali kuharibu tena kama wanagenzi, kujifunza kukausha polepole na kuchonga kwa mkono mwingine. Katikati ya miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini vya Changamwe vilikuwa vikiuzwa nje vikiwa na cheti cha mbao zilizovunwa bila kumaliza misitu. Nadhani hiyo ndiyo habari kubwa ya useremala katika mji huu, kuliko milango yote ya hoteli, na hata sanaa yenyewe ya Akamba ilianza hivyo: Mkamba Mutisya Munge alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, akarudi kwao Wamunyu na kuanza kujaribu.

Hatua ya tatu

Hatua ya tatu itakuwa tayari Ijumaa.

Hatua ya nne: vifaa, na namna ya kuviazima

Azima randa. Usiinoe, kwa kuwa si yako, na mwenyewe hakuinoa kwa sababu alijua utaiazima. Randa butu inafundisha haraka: badala ya kutoa maranda marefu yanayojikunja hutoa unga, na unapoisukuma kinyume cha nyuzi hung'oa nyama za ubao vipande vipande. Tazama ubavu wa ubao uone nyuzi zinapanda kuelekea upande gani, kisha sukuma randa zikipanda. Ikigoma, geuza ubao. Kugeuza ubao hakugharimu senti, na bado ndilo jambo ambalo mwanafunzi hulikubali mwisho.

Futi kamba uwe na moja tu. Ukipima mlango kwa futi kamba yako na fremu kwa ya jirani, ile ndoano ya mbele iliyopinda tangu alipoiangusha itakupa tofauti inayotosha kupitisha kidole. Wazee waliokuwa hawana futi kamba walikata ufito, wakatia alama zote za kazi juu yake, wakapimia huo huo kuanzia mguu wa kwanza mpaka wa nne. Ufito haujui inchi, kwa hiyo hauwezi kuzikosea.

Kigoda chako kitayumba. Usikate mguu mmoja kwa kukisia, kwa kuwa utaukata mfupi, ukate wa pili, ufuate wa tatu, na mwishowe mteja apate kibao cha chapati chenye asili ya kuvutia. Kiweke juu ya kitu kilicho sawasawa, kitegee vikabari mpaka kitulie, kisha chukua kipande kidogo cha mbao, laza penseli juu yake, uzungushe alama kwenye miguu yote minne kwa kimo kimoja. Ndipo ukate. Sakafu ya banda lako haihesabiwi kuwa kitu kilicho sawasawa.

Hatua ya tano: pati

Viungo vyako vitakuwa na mianya. Ulimi wa mbao ulioukata hautajaa tundu lake, na jirani aliyekuja kutazama atakufariji: "Hiyo itajaa na pati." Pati ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe, na katika mabanda mengi imeshika nafasi ya patasi. Inaziba vizuri sana. Tatizo ni kwamba ikishakauka haifyonzi rangi kama mbao inavyofyonza, kwa hiyo ukipaka kahawia ya mvule, mbao itakuwa kahawia na pati itabaki hapo, nyeupe, ikitangaza mahali pa kila kosa kwa mteja aliyekuwa hajui pa kutazama.

Gundi iliyomwagika nje ya kiungo hufanya vivyo hivyo. Umeifuta kwa kidole? Basi alama za vidole vyako zitaonekana kwenye meza hiyo miaka yote. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu ikiwa mbichi, au iache igande kama ufizi kisha uikwangue kwa patasi. Kuipaka-paka ndiko kunakoharibu.

Msasa una namba, na namba ndogo ndiyo yenye meno makali. Fundi mwenye haraka huanza na 80 kisha huruka mpaka 240, ili ubao uwe laini upesi. Unakuwa laini kweli mkononi. Mikwaruzo ya 80 inangoja rangi. Pita 120, pita 180, kwa kufuata nyuzi, kisha washa taa ya simu, ilaze ubavuni mwa ubao ili mwanga upite chini chini. Utaona kila kitu, na huenda ukatamani hukuwasha. Ubao wa mvule na wa mpingo usiusugue bila kitambaa puani. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na hakuna sifa yoyote ya ufundi katika kukohoa.

Hatua ya sita: rangi tu

Tumefika. Mteja alidhani tumefika mwezi uliopita.

Pwani, kishawishi cha kwanza ni mafuta ya nazi. Yapo jikoni, yananukia, na ubao ukipakwa hung'aa hapo hapo hata moyo ukafurahi. Kwa mwiko na kibao cha kukatia hayana neno. Kwa kiti cha wageni, kumbuka kwamba mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Mwaka mzima utapita na kanzu nyeupe ya mgeni wa Ijumaa itaondoka na ramani ya kiti chako. Mafuta ya kitani hufanya kinyume: hushika hewa na kugeuka ngozi ngumu ndani ya mbao, polepole, tabaka jembamba kwa tabaka. Ila matambara yaliyopaka mafuta hayo usiyafinyange kwenye kona. Yakiwa yanakauka hutoa joto, na yakibanana huweza kujiwasha moto yenyewe usiku. Yatandaze moja moja kwenye kamba nje, au yatumbukize kwenye kopo la maji. Hapo pia mzaha haupo.

Shelaki hutokana na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, huyeyushwa kwa spiriti, na kwa mwanafunzi ni rafiki mpole, maana tabaka jipya huyeyusha la chini na kuungana nalo. Umekosea? Paka tena. Hukauka upesi kiasi kwamba vumbi halipati nafasi ya kutua. Udhaifu wake ni chai. Weka kikombe cha moto juu yake na utapata duara jeupe lililo kamili kuliko duara lolote ulilowahi kuchora.

Klia ya thina, inayopulizwa kwa bomba, ndiyo mfalme wa mabanda ya barabarani kwa kuwa hukauka ukitazama. Ijaribu mwezi wa Mei. Thina ikiruka kwa kasi hupoza uso wa mbao, unyevu wa masika hutua humo, na klia hugeuka ukungu wa maziwa. Mteja alitaka kuona nyuzi za mvule, sasa anaona Likoni alfajiri kukiwa na mvua. Dawa si kuongeza klia. Ngoja siku kavu, saa nne asubuhi umande ukiwa umeondoka, kivulini, kisha puliza thina nyepesi peke yake. Mara nyingi ule weupe huyeyuka ukatoweka.

Vanishi ya kopo ndiyo yenye subira kuliko zote, na inataka mwenziwe. Subira huvuta heri, lakini vanishi mbichi huvuta vumbi, unyoya, wadudu wa taa, na paka. Mombasa ina paka wengi, na kila mmoja anapenda meza iliyopakwa saa moja iliyopita. Msimu wa kaskazi hewa ni kavu zaidi na vanishi hukauka vizuri, ila upepo unaleta mchanga wa barabara nzima. Wakati wa masika hakuna vumbi, ila haikauki. Atakayelalamika akumbuke kwamba zamani vanishi ya dunia ilitegemea huku kwetu. Sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini kando ya pwani hii, hasa Mrima, ilikuwa bidhaa kubwa ya Unguja katika karne ya 19. Wamarekani walitia saini mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, mwaka 1833, meli zikaibeba mpaka Salem, Massachusetts, ambako Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani za watu wasiojua Bagamoyo iko wapi. Wachimbaji wenyewe, kwa kadiri ninavyoweza kukisia, walikalia vigoda visivyopakwa kitu.

Kuna na rangi nyeusi ya viatu, ambayo hugeuza mti wowote kuwa mpingo mbele ya mtalii. Inafanya kazi mpaka mtalii atoe jasho. Mpingo wa kweli huzama majini, kwa hiyo usimuuzie aliye karibu na ndoo.

Sasa, namna ya kujaribu yote haya bila kuharibu kabati la mtu. Vipande vinavyobaki usivigawe kuni. Chukua vya ubao ule ule, vipige msasa ule ule, paka kila kimoja kitu chake, na nyuma andika kwa penseli: nini, mara ngapi, tarehe, jua au mvua. Kisha vitese. Wekea chai ya maziwa ya moto. Mwagia mchuzi wenye bizari, maji ya ukwaju, uache mpaka asubuhi. Video za ughaibuni hujaribu kwa divai. Meza ya Kisauni haitakutana na divai, itakutana na biriani. Funika nusu ya kila kipande kwa karatasi na ukiache dirishani wiki kadhaa. Mvule uliokuwa wa manjano utakuwa umegeuka kahawia upande wa mwanga, na utafurahi kwamba hukuupaka rangi ya kuulinganisha na kabati la zamani siku ile ile ulipoupasua.

Vipande hivi vikifika ukuta mzima, wateja wataanza kuvichagua wao wenyewe, na utashangaa wanavyoacha kuuliza bei kwanza.

Hatua ya mwisho: kupeleka

Usivushe vanishi mbichi kwa feri ya Likoni. Kwenye mkokoteni, katikati ya msongamano wa jioni, kabati lako litaegemewa, litashikwa, litawekewa mtoto na kuku, na likifika ng'ambo litakuwa na sahihi za nusu ya abiria. Livushe likiwa kavu, limefungwa shuka kuukuu, mapema.

Kisha mvua za masika zitaanza, na simu italia. "Fundi, mwanangu, mlango umekaza, haufungiki." Atataka uje na randa leo. Mwambie asubiri. Ubao umekunywa hewa ya mvua, umepanuka. Jua likirudi utapungua. Ukikubali kuukwangua mwezi wa Mei ufunge vizuri, Januari utakuwa umeacha mwanya chini, na mama atapiga tena, safari hii kuhusu mjusi.